Namba 115 na safari ya mjamzito wa milimani

Katika vijiji vya Milima ya Usambara, Uluguru na Livingstone, umbali haupimwi kwa kilomita pekee. Kituo cha afya kinachoonekana ng'ambo ya bonde chaweza kuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na wakati wa masika, barabara inapokatwa na maporomoko ya udongo, saa hizo huongezeka. Kwa mama aliyeanza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, muda huo ni mrefu mno: hali hiyo isipodhibitiwa, yaweza kumuua ndani ya saa mbili.

Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaosababisha vifo: familia kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Milimani, ule wa pili ndio mkali zaidi, nao huuzaa ule wa kwanza, kwani familia inayojua kwamba hakuna gari husita hata kuanza safari.

Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan, umelenga pengo hilo. Ulianza kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa kwa ushirikiano wa Serikali na wadau, wakiwemo Vodafone Foundation. Utaratibu wake ni rahisi. Ndugu, jirani au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo. Mtoa huduma katika kituo cha uratibu huuliza maswali ya kubaini ukubwa wa dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humwita dereva wa jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa na kupewa mafunzo kwa kazi hiyo. Dereva hulipwa kwa simu baada ya mgonjwa kufikishwa. Familia haidaiwi nauli. Wanaohudumiwa ni wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Hata hivyo, gari haliwezi kupanda njia ya miguu. Kutoka nyumbani hadi barabarani, wananchi wa milimani bado hutegemea machela na mabega ya majirani, na pale njia inaporuhusu, bodaboda, ambayo si chombo salama kwa mama anayetokwa na damu au mwenye degedege. Kwa sababu hiyo, simu ipigwe mapema, kabla machela haijaondoka, ili mgonjwa na gari vikutane barabarani. Anayepiga ataje kijiji, kitongoji na mahali ambapo gari linaweza kufika, kwa kuwa jina la kijiji pekee halitoshi pale ambapo kijiji kimoja kimetanda juu ya vilele viwili. Ambako mtandao wa simu hushika juu ya kilima fulani tu, ni busara kila kaya yenye mjamzito ijue kilima hicho ni kipi.

Dalili zisizosubiri mapambazuko ni kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kutoona vizuri, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, na chupa kuvunja kabla ya wakati.

Kwa mama ambaye tayari anajulikana kuwa na hatari, kwa mfano aliyewahi kujifungua kwa upasuaji au mwenye mimba ya mapacha, gari la dharura ni kinga ya mwisho tu. Anashauriwa kushuka wiki chache kabla ya siku ya makadirio na kukaa kwa ndugu walio karibu na hospitali, au katika nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipojengwa. Ushauri huu si mwepesi kwa mwenye shamba na watoto wadogo. Unahitaji mume na ukoo kupanga mapema nani atabaki nao.

Mipango hiyo huanzia kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchini, wakaazi wa maeneo wanayoyahudumia. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wastani huo wa taifa hauelezi hali ya kila kitongoji, na ndiyo maana mhudumu anayezijua njia za mlima wake huanza kwa kuandikisha kila mjamzito aliyepo.