Maziwa ya Watu Wote



Wazee wetu wengi walilisikia jina la Uswidi kwa mara ya kwanza katika mwaka 1961. Mwaka ule Bwana Dag Hammarskjöld, Mswidi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa njiani kwenda kutafuta amani katika vita vya Katanga. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba ndege yake ikaanguka karibu na Ndola, naye akafa pamoja na wenziwe. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyu wa mikutano na barua alipenda mno kuiacha meza yake, akatwaa mzigo mgongoni, akatembea kwa miguu katika nyika za kaskazini ya nchi yake. Katika jambo hilo alikuwa kama Waswidi wenzake. Nchi ile ina maziwa yapatayo laki moja, na wenyeji huyapenda kama mtu apendavyo uwanja wa nyumba ya baba yake.

Leo basi na tusafiri kwa fikira katika nchi hiyo, kwanza kwa motokari, kisha kwa mtumbwi, na usiku tulale hemani. Njiani tutajifunza jinsi mali iliyo wazi kwa watu wote iwezavyo kulindwa. Tena tutaona jinsi iwezavyo kuuawa na mtu asiyeikaribia kamwe.

Barabarani

Twaondoka Göteborg, mji wa bandari ulioko magharibi, tukishika barabara kuu iitwayo E45 kwenda kaskazini. Mtumbwi umelazwa juu ya paa la motokari, umefungwa kwa mikanda imara. Twaendesha upande wa kulia, ingawa zamani Waswidi waliendesha upande wa kushoto. Alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 taifa zima lilihamia upande wa pili. Taa za motokari zawaka hata mchana wa jua kali, kwa kuwa ndivyo sheria iagizavyo.

Kando ya njia twaona kibao cha manjano chenye ukingo mwekundu, na juu yake picha ya mnyama mwenye miguu mirefu. Huyo ni älg, mkubwa kupita wanyama wote wa jamii ya kulungu. Dume lake laweza kupita kilo 500. Motokari ikimgonga, huvunja miguu yake, na mwili mzito huangukia kioo cha mbele na watu walio ndani. Kwa hiyo dereva mwenye busara hupunguza mwendo alfajiri na jioni, saa ambazo mnyama huyo hutoka msituni.

Baada ya muda twafika upande wa ziwa Vänern. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 5,650, yaani lapita ziwa Kivu mara mbili, ingawa halifikii Tanganyika hata kwa mbali. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita nchi hii yote ilifunikwa na barafu nene sana. Barafu hiyo ilijikokota polepole, ikakwaruza mwamba na kuchimba mabonde. Ilipoyeyuka, mashimo na mabonde yale yakajaa maji. Ndiyo sababu ya maziwa kuwa mengi kiasi hiki.

Daraja lipitishalo maji

Huko Mellerud twaiacha barabara kuu, twaingia jimbo la Dalsland, na upesi twafika Håverud. Hapa maji yaanguka kwa kishindo kati ya miamba miwili, wala hakuna chombo kiwezacho kupita. Watu wa karne ya 19 walihitaji njia ya kupeleka chuma na mbao mpaka Vänern. Injinia Nils Ericson alianza kazi mwaka 1864. Kwa kuwa mwamba wa mahali pale haukufaa kuchimbwa, alijenga mfereji wa chuma wenye urefu wa meta 32 na nusu, akautandika juu ya maporomoko kama daraja. Vipande vyake viliunganishwa kwa misumari minene ya chuma ipatayo 33,000. Mashua zapita juu zikielea kwa utulivu, na mto wanguruma chini yake.

Mfereji wa Dalsland ulifunguliwa mwaka 1868. Njia yake nzima ni karibu kilometa 250, lakini zilizochimbwa kwa mkono wa mtu hazifiki 15; zilizobaki ni maziwa yenyewe, yaliyounganishwa moja na jingine. Mahali ziwa moja liliposimama juu ya jingine, pamejengwa chumba cha maji chenye milango miwili: chombo huingia, mlango hufungwa, maji huongezwa au hupunguzwa, chombo kikapanda au kikashuka kama mtu apitaye ngazi.

Kafi mkononi

Kaskazini ya mji mdogo wa Bengtsfors ziwa Lelång lajinyosha, refu na jembamba, kati ya vilima vya misonobari. Hapo twaiacha motokari na kuushusha mtumbwi majini.

Mvuvi wa Kivu au wa Tanganyika akiuona mtumbwi huu pengine atacheka. Haukuchongwa katika gogo. Ni wa alumini au plastiki, nao watu wawili waweza kuubeba. Lakini sheria zake ni zile zile ajuazo yeye. Mizigo mizito iwekwe chini, katikati. Akaaye mbele huweka mwendo. Akaaye nyuma huongoza njia. Mtoto akae katikati, na kila mtu avae koti la kuelea, hata ajuaye kuogelea, kwa maana maji ya huko huwa baridi mpaka katika miezi ya jua, na baridi hulegeza mikono ya mtu hodari. Upepo ukivuma, msikate ziwa katikati, fuateni ufuko. Mawimbi yakiinuka, shukeni pwani mngoje. Mtumbwi haumwaibishi mwenye kungoja. Humwaibisha mwenye haraka.

Pasipo na njia ya maji, mtumbwi hupandishwa mabegani au katika kigari cha magurudumu mawili, na hapo baba wa familia mwenyewe huwa pagazi. Kisha ziwa jingine lafunguka mbele yake, kimya kabisa. Labda ataona miti iliyoangushwa kwa meno ya mnyama biva. Wawindaji walimmaliza biva katika Uswidi yote katika karne ya 19. Mwaka 1922 wengine waliletwa kutoka Norwe, wakazaana, na leo wamejaa tena.

Jioni mahema yapigwa, chakula chapikwa. Mwezi wa Juni jua halichwi mpaka baada ya saa nne ya usiku. Mbu ni wengi, nao huuma kweli. Lakini malaria, iliyowatesa hata Waswidi zamani, ilitoweka kwao katika karne ya 20.

Haki ya kila mtu

Sasa swali: Ufuko huu tuliolala ni wa nani? Karibu nusu ya misitu ya Uswidi ni mali ya watu binafsi. Je, tulimwomba mwenyewe ruhusa? Hapana, wala hakutudai. Waswidi wana desturi ya kale iitwayo allemansrätten, yaani haki ya kila mtu, iliyotajwa hata katika katiba yao tangu mwaka 1994. Kwa haki hiyo tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, waweza kutembea msituni, kupita ziwani kwa mtumbwi, kuoga, kupiga hema usiku mmoja au miwili mbali na nyumba za watu, na kuchuma uyoga na matunda ya porini.

Lakini haki hii ina mipaka. Usiingie uani kwa mtu, wala usikanyage shamba lililopandwa. Usikate mti ulio hai. Usipitishe motokari nje ya barabara. Usivue samaki bila kibali, isipokuwa kwa ndoana baharini na katika maziwa makubwa matano. Usiwashe moto juu ya mwamba mtupu, kwa kuwa mwamba hupasuka, na jeraha lake haliponi. Wakati wa ukame moto hukatazwa kabisa. Mwaka 1962 au 1862 mtu angaliweza kusema hayo ni maneno ya woga. Lakini katika mwaka 2018 jua lilikausha misitu, na moto ukala maelfu ya hekta, hata ndege za Italia na Ufaransa na wazimamoto wa Polandi wakaja kusaidia. Waswidi hufupisha sheria zote kwa maneno mawili: usisumbue, usiharibu.

Askari hawezi kusimama katika kila ufuko wa maziwa laki moja. Mlinzi ni dhamiri ya kila mtu. Tena, kwa kuwa wapiga makafi katika sehemu hizi ni wengi, msafiri hununua kadi, na fedha yake hutumika kutengeneza vyoo, vibanda na mahali pa kuwashia moto. Atumiaye husaidia kutunza.

Maji maangavu yaliyokufa

Hata hivyo dhamiri ya msafiri peke yake haikutosha. Katika karne ya 20 wavuvi wa Uswidi waliona ajabu: maziwa mengi ya kusini-magharibi yalizidi kuwa maangavu mwaka kwa mwaka, hata mtu akaona mawe yaliyo chini sana. Mgeni angalisema, "Maji mazuri namna gani!" Kumbe yalikuwa mazuri kama uso wa maiti. Samaki wadogo walitoweka, kisha kamba wa maji baridi. Mayai ya samaki hayakuanguliwa.

Mwaka 1967 mtaalamu Svante Odén alieleza sababu mbele ya watu wote. Makaa na mafuta yaliyochomwa katika viwanda vya Ulaya, na vya Uswidi yenyewe, yalitoa moshi wa salfa. Moshi ule ulichukuliwa na upepo, ukageuka asidi mawinguni, ukashuka pamoja na mvua. Udongo wa huko, ulio juu ya mwamba usio na chokaa, haukuweza kuishinda asidi hiyo. Na tazameni: viwanda vingine vilijenga mabomba marefu ya moshi ili kuwapunguzia majirani zao adha. Jirani wa karibu alipata nafuu. Jirani wa mbali akapoteza samaki wake.

Uswidi iliyapeleka malalamiko yake mbele ya mataifa katika mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972, na mwaka 1979 mataifa yakaagana huko Genève kupunguza moshi uvukao mipaka. Tangu hapo salfa katika hewa ya Ulaya imepungua sana. Lakini ziwa haliponi siku ile moshi ukomapo. Tangu miaka ya 1970 Waswidi humwaga unga wa chokaa kwa mashua na helikopta katika maelfu ya maziwa yao, na katika mengine kazi hiyo ingali inaendelea. Samaki wamerudi mahali pengi. Kuponya kwagharimu zaidi ya kutunza.

Ndugu wasomaji, kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini awe mtunzaji wake. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliiita dunia makao yetu sote. Mtu aweza kuacha ufuko safi kabisa baada ya kulala, na moshi wa tanuri lake ukaliua ziwa asilolijua hata jina. Basi mwenye kuchunguza dhamiri yake jioni asijiulize tu, "Nimeacha nini hapa nilipokaa?" Ajiulize pia, "Nimetuma nini kule nisikoona?"