Mwache Mgeni Amalize Sentensi Yake



Dominika moja, katika kanisa la kijiji kusini mwa Uholanzi, niliwahubiria waamini kwamba Zakayo, kwa kuwa alikuwa mfupi, alikimbia mbele ya umati akapanda juu ya bomu. Nilisema hivyo bila kutabasamu, tena mara tatu. Wazee waliokaa viti vya mbele wakainamisha vichwa. Nikadhani wameguswa na Neno.

Baada ya Misa, mama mmoja mjane mwenye umri uliopita miaka 80 alinisubiri mlangoni. Akanieleza kwamba kwa Kiholanzi mti ni “boom”, na ile sauti ya katikati huvutwa. Ukiikatisha, neno linakuwa “bom”, yaani bomu. Vivyo hivyo “man” ni mwanamume, lakini “maan” ni mwezi wa angani. Ni kama mgeni kwetu anayechanganya kukata na kukataa.

Mama yule hakunicheka. Alilitamka neno polepole, akanitaka nilirudie, pale pale mlangoni kwenye baridi. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu. Kila Alhamisi nilikwenda kwake, tukanywa kahawa, akanisahihisha.

Naomba unielewe, msomaji wangu. Nilifika huko nikiwa nimevuka miaka 40. Askofu wangu alinituma kusaidia kwa miaka michache, maana mapadre wa huko wamekuwa wachache na wengi ni wazee. Seminari ilikuwa imenifundisha falsafa, teolojia na Kilatini. Hapa nyumbani nilizoea kwamba nikisimama kuongea, watu wananyamaza. Kule nilishindwa hata kuuliza dukani chumvi iko wapi.

Kiholanzi kina milango mingi ya kujigonga kichwa. Kila nomino ina kijineno chake cha mbele, “de” au “het”, na mara nyingi hakuna njia ila kukariri. Hamsini na mbili wao husema “mbili na hamsini”; mgeni huambiwa nyumba namba 52 akagonga namba 25. Sentensi ikirefuka, kitenzi mara nyingi husukumwa hadi mwisho, kwa hiyo unasubiri pumzi ya mwisho ya msemaji ndipo ujue kama mtu amekuja, amekataa au amekufa. Faraja yangu ilikuwa herufi “g” yao inayotoka kooni. Wageni wengi huihangaikia, lakini sisi tunaosema ghali na ghafla tunaikaribia.

Hata hivyo, ugumu mkubwa haukuwa sarufi. Waholanzi wengi wanakijua Kiingereza vizuri. Ukianza kujikongoja kwa Kiholanzi, anakuonea huruma, anakujibu kwa Kiingereza. Anafanya kwa wema, lakini mlango umefungwa. Na sheria ya nchi inawadai wageni wengi watokao nje ya Umoja wa Ulaya, wahudumu wa dini wakiwemo, wajifunze lugha na kufanya mtihani. Tangu sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, wengi hutakiwa kulenga ngazi iitwayo B1, ya mtu anayeweza kujieleza mwenyewe katika mambo ya kila siku. Mtihani unaweza kuufaulu kwa vitabu. Lakini kuongea utajifunza tu kwa mtu aliye tayari kukusubiri.

Mama yule alinisubiri. Na mimi, nilipoanza kuelewa kidogo, nikajiona nimeelewa kabisa.

Majira ya baridi ya mwaka wa pili aliugua sana. Binti yake akanipigia simu: Padre, tunaomba uje umpe Mpako Mtakatifu, watoto wote watakuwa wamefika, njoo “half drie”. Sasa “drie” ni tatu, ambayo kwa hesabu yetu ya saa ni saa tisa alasiri. “Half” ni nusu. Nikaandika kwenye daftari: saa tisa na nusu. Sikumwomba arudie. Sikumwomba aniambie kwa Kiingereza, maana niliona aibu kuonekana bado ni mwanafunzi.

Msomaji wangu, Mholanzi akitaja nusu anatazama saa inayokuja. “Half drie” ni nusu ya kuelekea tatu. Kwetu hiyo ni saa nane na nusu.

Walinisubiri. Walinipigia simu, nami nilikuwa kwenye mazishi kijiji cha pili, simu nimeizima. Nilipofika, nikijiona nimewahi, nilikuta mshumaa umewashwa kando ya kitanda. Mama alikuwa ameaga dunia muda si mrefu kabla. Sakramenti ya Mpako ni ya walio hai. Nilifungua kitabu nikasali sala za marehemu, na katika maisha yangu yote ya upadre sijawahi kusoma kwa sauti iliyotetemeka namna ile.

Binti yake hakunilaumu. Alinipa kahawa. Nilipoeleza nilivyosikia, alichukua bahasha, akachora saa kwa kalamu, akaniwekea mishale pale “half drie” inapoangukia. Bahasha hiyo ninayo hadi leo, ndani ya kitabu changu cha sala.

Usiku ule nilimkumbuka mtu mwingine. Nilizaliwa mkoani Morogoro, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Uholanzi walifanya utume kwa miaka mingi. Hata Askofu wa kwanza wa Jimbo la Morogoro, Herman van Elswijk, alikuwa Mholanzi. Padre aliyenibatiza alitoka huko pia. Ngeli zetu zilimtesa. Alisema “mtu yangu” na “kiti mkubwa”. Nikiwa mtumikiaji altareni, nilikuwa bingwa wa kumwigiza mbele ya wenzangu nyuma ya sakristia. Siku moja alinifuma. Alitabasamu, akaniuliza, “Sasa mimi nasema namna gani?” Nilikimbia bila kumjibu.

Ilinichukua zaidi ya miaka 30 na bahasha moja kuelewa kwamba mzee yule alikuwa ananiomba sadaka, nami nilimnyima.

Tunaposoma Matendo ya Mitume sura ya 2, tunaona kwamba siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha Waparthi, Wamedi na Waelami wajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mungu ndiye anayechukua hatua kuifuata lugha ya mtu. Na Petro aliyehubiri siku hiyo ndiye yule ambaye, usiku wa kukamatwa kwa Bwana, usemi wake ulimtambulisha uani (Mt 26:73). Kanisa lilianza kwa kinywa chenye lafudhi ya ugenini.

Ndiyo maana Walawi 19:34 inatuagiza kumpenda mgeni kama nafsi zetu, kwa kukumbuka kwamba Israeli nao walikuwa wageni Misri. Anayejifunza lugha yako amekubali kuwa mtoto mbele yako. Amekukabidhi heshima yake.

Basi, mpendwa, tazama jumuiya yako ndogondogo. Yupo mkimbizi kutoka Burundi au Kongo ambaye Kiswahili chake si kama chako. Yupo sista mgeni anayekosea ngeli. Yupo bibi aliyeletwa mjini na wanawe, anajua lugha ya kabila lake tu, anasali kimya kwa sababu mara ya mwisho alipofungua kinywa watoto walicheka. Wiki hii mwache mmoja wao amalize sentensi yake. Usimmalizie. Akikosea, msahihishe taratibu, pembeni, kama mama yule alivyonisahihisha mlangoni.

Na wewe unayejifunza, uliza tena. Aibu ya kuuliza hupita jioni hiyo hiyo. Mimi sikuuliza, na mama yule alikufa akinisubiri.