Mlango wa Karakana Una Sheria Zake

Huenda mwanao, au mtoto wa ndugu yako, yuko katika chuo cha ufundi akijifunza kazi ya chuma au ya mbao. Huenda mwingine amefika mbali zaidi, yuko chuo kikuu anafanya utafiti, na vyombo vyake anavitengeneza mwenyewe katika karakana itumiwayo na wengi. Likizo ikifika atakuja nyumbani, na pengine atalalamika: "Baba, karakana inafungwa saa kumi na moja jioni. Mama, hawatuachii ufunguo. Kazi yangu haiendi."

Ukisikia hayo usifanye haraka kuwalaumu walimu wake. Kwanza ujue kwa nini mlango ule unafungwa.

Mtu wa sayansi akitaka kupima jambo ambalo halijapimwa na mtu, mara nyingi chombo cha kulipimia hakipatikani dukani, maana hakijatengenezwa bado. Hapana budi akitengeneze yeye. Kwa sababu hiyo vyuo vikuu vingi vina karakana yenye mashine za kukereza vyuma, mashine za kutoboa, misumeno ya mota na mawe ya kunolea. Mashine hizi ni za gharama kubwa, haziwezi kununuliwa moja kwa kila mwanafunzi. Basi wote hushirikiana: wa fizikia, wa kemia, wa uhandisi. Ushirika huu ni mwema, lakini una hatari yake, nayo ndiyo nitakayo kukueleza.

JAMBO LILILOTOKEA YALE

Katika mji wa New Haven, nchini Marekani, kuna chuo kikuu cha zamani chenye sifa kubwa, kiitwacho Yale. Mwezi wa Aprili 2011, usiku wa manane, mwanafunzi mmoja alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukereza katika karakana ya jengo la kemia. Alikuwa msichana wa miaka 22, akisoma fizikia na elimu ya nyota. Alikuwa mwaka wa mwisho, na yalibaki majuma machache tu amalize masomo.

Nywele zake zilinaswa na mashine iliyokuwa inazunguka. Hapakuwa na mtu chumbani wa kuizima. Wanafunzi wengine waliokuwa katika jengo lile walipoingia, walimkuta amekwisha kufa.

Wakaguzi wa serikali wanaoangalia usalama wa kazi walichunguza, na mwaka ule ule wakaandika kwamba mashine ile ilikosa vikingio vilivyotakiwa. Chuo hakikukubaliana na maneno yao yote. Lakini chuo chenyewe, mara baada ya msiba, kilitangaza kwamba saa za wanafunzi wa shahada ya kwanza kutumia mashine zitawekewa mpaka, na kwamba msimamizi atakuwapo kila wakati wanapozitumia.

Tazama jambo hili vizuri. Huyu hakuwa mtoto mzembe aliyeingia mahali asipopajua. Alikuwa mwenye akili na bidii. Ndiyo kusema, akili peke yake haitoshi mbele ya mashine.

HESABU NDOGO

Labda utauliza: "Je, asingeweza kujivuta nyuma?" Tufanye hesabu pamoja.

Chukua fimbo ya chuma ya duara, upana wake sentimeta 5. Ukiizungushia uzi mara moja, uzi huo utakuwa na urefu wa sentimeta kama 16. Sasa mashine ya kukereza iizungushe fimbo hiyo mara 600 kwa dakika, mwendo ambao si wa ajabu kwa mashine ya namna hii. Hizo ni mara 10 kwa kila sekunde. Basi kitu chochote kikinaswa, kama uzi, nywele au mkono wa shati, kitavutwa karibu mita moja na nusu katika sekunde moja.

Mwanadamu akishtuka, huhitaji kama robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kusogea. Katika robo hiyo mashine imekwisha kuvuta sentimeta 40 hivi, karibu dhiraa moja, yaani kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Na hapo bado hajaifikia swichi. Mashine haichoki wala haisikii kilio; itaendelea kuvuta mpaka mtu aizime. Ikiwa aliyenaswa hawezi kuizima, ni nani basi? Ni mwenzake aliyesimama karibu. Kama hakuna mwenzake, hakuna.

SHERIA ZENYEWE

Sheria za karakana za vyuo zinatofautiana hapa na pale, lakini zilizo nzuri zinakubaliana katika mambo haya.

1. Asiyefundishwa hagusi mashine. Na mafunzo ni kwa kila mashine peke yake. Aliyejua kutoboa hajajua kukereza. Aliyefaulu huandikwa jina lake, naye hupewa ruhusa ya mashine ile aliyofundishwa tu. Ufunguo wake ni wake. Hamwazimi rafiki hata kwa dakika tano.

2. Hakuna kufanya kazi ya mashine peke yako. Mwenzako awe ndani ya chumba kile kile, akuone, akusikie, na ajue swichi ya kuzimia iko wapi. Mtu aliye chumba cha pili anasoma kitabu si mwenzako.

3. Vazi lisiwe na kitu cha kuning'inia. Nywele zifungwe na kufunikwa. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Tai, kitambaa cha shingoni, kanga, pete na mnyororo vivuliwe, hata kama mnyororo huo una medali uipendayo. Itie mfukoni mpaka kazi iishe. Na jambo litakalowashangaza wengi: mbele ya mashine inayozunguka, glavu hazivaliwi. Glavu humfaa ashikaye chuma cha moto, lakini chuma kinachozunguka hunasa glavu, na glavu huvuta mkono wote.

Kila kazi ina vazi lake. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, msaidizi mmoja wa utafiti mwenye miaka 23 alikuwa akishughulika na dawa ya kemia inayowaka yenyewe ikigusana na hewa. Dawa ilimrukia. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake likashika moto. Alifariki Januari 2009 kwa majeraha hayo. Huko koti lilitakiwa. Kwenye mashine ya kukereza koti refu lililo wazi ni mtego. Kwa hiyo usibahatishe, uliza vazi la kazi unayokwenda kufanya.

4. Miwani ya kukinga macho huvaliwa na kila aingiaye, hata yule aliyekuja kutazama tu. Kipande cha chuma kinachoruka hakichagui fundi na mgeni.

5. Ufunguo wa kukazia taya zinazoshika chuma uondolewe kabla mashine haijawashwa. Ukisahauliwa hurushwa kwa nguvu kama jiwe la kombeo. Takataka za chuma ziondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama, wala si kwa vidole. Kikingio kilichofunguliwa kirudishwe na yule yule aliyekifungua.

6. Mashine yenye kasoro isifichwe. Izimwe, iandikwe, na msimamizi aambiwe siku ile ile.

7. Aliyechoka, aliye mgonjwa, au aliyekunywa pombe, arudi nyumbani. Chuma kitamngoja.

KWA NINI YA WOTE NI YA HATARI ZAIDI?

Fundi mwenye karakana yake anajua kila sauti ya mashine yake. Alikifungua kikingio jana, leo anakumbuka. Katika karakana ya wote sivyo. Uliyemtangulia humjui, nawe hujui ameacha nini. Kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kumwambia msimamizi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tena kuna foleni. Mchana mashine ina watu, na kazi ina siku yake ya kumalizika. Mwanafunzi hodari huona afadhali aje usiku, wakati kimya kimetanda na mashine haina mtu. Hapo tayari amechoka, tena yuko peke yake. Angalia: si mvivu anayekuja usiku, ni yule mwenye bidii. Sheria ya mlango imewekwa kwa ajili yake kwanza.

Kweli, sheria hii ina gharama. Anayetoka mbali, au anayefanya kibarua mchana, hupoteza nafasi. Lakini dawa yake si kuacha mlango wazi usiku kucha. Dawa ni wakuu kuongeza saa zenye msimamizi, na kuweka zamu ili kila mmoja apate saa yake. Hilo ni jambo la haki, na wanafunzi wana haki ya kuliomba.

Pengine mzee mmoja atasema: "Basi wasichana wasipelekwe huko, maana wana nywele ndefu." La, mzee wangu. Nywele hufungwa, na mkono wa shati la mvulana hunaswa vile vile. Mashine haijui mvulana wala msichana. Inajua kilichoning'inia na kilichofungwa.

NA SISI HUKU KIJIJINI?

Usiseme kwamba haya ni ya vyuo vikuu tu. Nenda kwenye mashine ya kusaga mahindi. Pale pana mota, pana magurudumu, na mara nyingi pana mkanda unaozunguka wazi. Akina mama wanapanga foleni na kanga zao, watoto wanacheza karibu. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini kabla mkaguzi hajafika, ninyi wenyewe mnaweza kumwambia mwenye mashine aufunike mkanda, aweke uzio wa mbao, na asiwaachie watoto kusimama ndani.

Nanyi wazazi mnaompeleka mtoto kujifunza ufundi, msiulize karo peke yake. Ulizeni pia: Nani yupo karakana ikiwa wazi? Mtoto wangu atafundishwa kabla ya kugusa? Mashine zina vikingio? Swichi ya kuzimia inafikiwa upesi? Mwalimu mwema hatachukia maswali hayo. Atafurahi kuona mzazi anayejali.

Na yule mtoto aliyekuja likizo akilalamika, mwiteni akae. Msimkemee, maana bidii yake ni njema. Mwambieni habari za msichana wa Yale, mfanye naye ile hesabu ya fimbo ya chuma kwa kijiti na uzi, aone mwenyewe. Kisha mwambieni akirudi chuoni atafute mwenzake mmoja wa kuaminika, wafuatane karakana saa zile zile, huyu akifanya kazi yule akisimama karibu, na kesho wabadilishane.