Makofi Hayapimi Masikio

Kama mtoto anashtuka mlango ukibamizwa, kuna haja gani ya kumpima masikio? Swali hili limeulizwa mno, hata na wahudumu wa afya ambao wangepaswa kulijibu, kiasi kwamba jibu la upole halitoshi tena. Haja ipo, kwa sababu kushtuka hakuthibitishi kwamba mtoto anasikia maneno. Makofi yakipigwa karibu na kichwa hutoa kishindo kikubwa kuliko sauti ya mazungumzo. Mtoto aliyepungukiwa usikivu kwa kiwango cha kati atashtuka, mama atashusha pumzi, kumbe mtoto huyohuyo akisemeshwa kwa sauti ya kawaida anapata vipande tu. Vokali zina nguvu. S, f, t na k ni sauti hafifu na nyembamba, na mara nyingi ndizo hupotea kwanza. Kwa mtoto kama huyo ‘kaka’, ‘taka’ na ‘saka’ zaweza kufika zote kama ‘a-a’, na hakuna anayejifunza Kiswahili kwa ‘a-a’. Tena makofi husukuma upepo usoni, sufuria likigongwa hutikisa kitanda, na kivuli cha mkono huonekana. Mtoto asiyesikia kabisa anaweza kushtushwa na hivyo. Aliye kiziwi wa sikio moja atashtuka kwa lile jingine. Na mtoto mzima kabisa, akiwa ameshiba na kusinzia, huenda asifumbue hata jicho.

Wala tusidhani shida ni makofi yasiyo ya kitaalamu. Miaka ya 1960 kule Denver, Marekani, Marion Downs aliwapima watoto wachanga kwa chombo maalumu cha kutoa sauti, watazamaji waliofunzwa wakiangalia mwitikio, na matokeo hayakuaminika. Uingereza iliendelea kwa miongo mingi na kipimo cha kumgeuza mtoto kichwa kwa sauti akiwa na miezi saba au minane, chini ya wauguzi waliofunzwa, na bado watoto wengi walipita bila kugunduliwa. Kati ya 2001 na 2006 England ikahamia kwenye mashine za kupima wachanga. Ikiwa wao walishindwa, mfuniko wa sufuria jikoni utaweza nini?

Wengine husema watamtambua wenyewe, maana mtoto anaguna na kucheka. Watoto viziwi nao huguna na kucheka miezi ya mwanzo. Tofauti huja baadaye, wenzao wanapoanza ‘bababa’ na ‘dadada’. Wengine husema ukoo wao hauna kiziwi, ilhali zaidi ya tisa katika kila kumi ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kuwapima njiti na waliougua peke yao hakutoshi pia: karibu nusu ya wanaozaliwa na tatizo la kudumu hawana dalili yoyote ya hatari. Lenye madhara kuliko yote ni ‘subiri, hata baba yake alichelewa kusema’, likifuatwa na kukata udata. Wembe chini ya ulimi haurekebishi sikio, na mafuta ya moto yanayomiminwa masikioni huunguza tu. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kuhudumiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, haidhuru usikivu wao ulikuwa umepungua kiasi gani.

Sasa vipimo. Cha kwanza hutumia mwangwi ambao koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, hutoa yenyewe ikiwa nzima, aliougundua David Kemp mwaka 1978: kidude laini sikioni, mtoto amelala, dakika chache, hakuna maumivu. Cha pili husoma kwa vibandiko kichwani jinsi mshipa wa fahamu na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Hiki ndicho cha mtoto aliyelazwa wodi ya mahututi kwa zaidi ya siku 5 au aliyepata manjano kali, kwa kuwa mwangwi unaweza kuwa mzuri huku mshipa una hitilafu. Asipofaulu mara ya kwanza si kiziwi bado, mara nyingi ni majimaji ya kuzaliwa, arudishwe. Apimwe kabla ya mwezi 1, uthibitisho kabla ya miezi 3, huduma kabla ya miezi 6: shimesikio, lugha ya alama tangu nyumbani, au upandikizaji wa koklea, ambao Muhimbili iliuanza 2017. Aliyefaulu leo apimwe tena akiugua homa ya uti wa mgongo au maneno yakichelewa. Hospitali isiyo na mashine iandike rufaa, na kadi ya kliniki ionyeshe majibu ya sikio la kulia na la kushoto, kila moja peke yake.