Samaki wa Mweru na Bei Isiyopangwa na Mvuvi

Ukishuka Nchelenge asubuhi utakuta chisense wameanikwa mchangani kama nafaka, na akina mama wamekaa na beseni zao wakingoja wanunuzi. Wengi hudhani hiyo ndiyo kazi ya kale ya ziwa hili. Sivyo. Biashara kubwa ya chisense ilishika nguvu kwenye miaka ya 1980, samaki wakubwa walipokuwa wamepungua.

Samaki wa kale alikuwa mpumbu. Mvua zikinyesha alipanda mto Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga, na wazee walimvua kwa mitego wakala, wakakausha, wakabadilishana na watu wa bara kwa unga. Kisha likaja soko la shaba. Migodi ya Union Minière kule Katanga ilihitaji kulisha maelfu ya vibarua, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, haukuwa na ziwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki wakakaa Kasenga, ukingo wa Kongo, wakiwa na maboti, barafu na malori. Wavuvi wa ng'ambo zote mbili waliwauzia.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Samaki mbichi hangoji. Jua likipanda anaanza kuharibika, na mvuvi asiye na barafu hawezi kusema, "Bei hii sitaki, nitarudi kesho." Mwenye barafu na lori ndiye aliyesema bei. Mvuvi alichoweza ni kuvua zaidi, naye akavua zaidi. Nyavu zikawekwa mtoni wakati mpumbu anapanda na mayai tumboni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wa mpumbu ukaanguka, na wingi ule haujarudi hata leo.

Maji yalikuwa mamoja, serikali mbili: Mbelgiji upande huu, Mwingereza upande huu. Lawama zikamwangukia mwenye mtumbwi. Sikatai, mkono uliotega wavu ulikuwa wa mvuvi. Lakini yule aliyesimama Kasenga na lori tupu akingoja lijazwe, yeye hakuwa na sehemu yake?

Baadaye zilikuja nyavu za nailoni, zisizooza kama za pamba, na tilapia naye akaanza kuona taabu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kutwaa biashara za wageni, na Wagiriki wengi wakaondoka. Tajiri wa nyavu hakuondoka. Alibadilika jina tu.

Chisense ni mdogo kuliko kidole, hukua upesi, na hufuata taa usiku usio na mwezi. Hahitaji barafu, jua linatosha. Ndiyo maana mama mwenye mtaji mdogo aliweza kuingia katika biashara hii, jambo ambalo lori la Kasenga halikumruhusu. (Vyama vyetu vimechelewa mno kumhesabu mwanikaji kuwa mfanyakazi.)

Mwaka 2017 vita vya Katanga na Tanganyika viliwaleta ndugu zetu kituo cha Kenani, na mwaka 2018 wengi wakahamishiwa Mantapala. Mtu wa Pweto hakuja kwenye ziwa geni. Mweru ni lake tangu utotoni. Wavu anaujua. Ila mtumbwi na nyavu aliviacha nyumbani, hivyo akitaka kurudi majini atakuwa kibarua wa mtumbwi wa mtu, sawa na mwenyeji asiye na chombo. Malipo ni fungu. Na fungu hugawiwa baada ya tajiri kukata gharama za taa, nyavu na mafuta, kwa hesabu iliyo kichwani mwake peke yake.

Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari sheria ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazae. Ni sheria njema, mpumbu ametufundisha. Lakini miezi hiyo mitatu kibarua hana fungu lolote, wakati tajiri ana akiba.

Basi wavuvi na akina mama waanikaji tunawaomba hivi: kabla ya mitumbwi kushuka mwezi Machi, kaeni na mwenye chombo, mkubaliane kipi kinakatwa na kiasi gani, iandikwe kwenye daftari, na daftari likae kwa mmoja wenu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya wote.