Squid Game ipi? Jina moja, mambo matano

Mtoto anakuomba simu apakue Squid Game. Jirani anakuonya kwamba Squid Game haifai kwa watoto. Mwingine anasema alisikia watu wametapeliwa fedha kwa Squid Game. Wote watatu wana ukweli wao, kwa sababu jina hilo limebeba mambo mengi. Hebu tuyatenganishe.

La kwanza ni mchezo wa watoto. Squid ni ngisi, yule wa baharini. Huko Korea Kusini watoto walichora chini duara, pembetatu na mraba, mchoro ukafanana na ngisi. Kundi moja lilivamia, jingine likalinda. Mchezo huu ulivuma miaka ya 1970 na 1980, na haukuhitaji simu wala fedha.

La pili ni tamthilia. Mwongozaji Hwang Dong-hyuk, aliyecheza mchezo huo utotoni, alilichukua jina lake. Tamthilia ilianza kuoneshwa na Netflix Septemba 2021. Ndani yake watu 456 waliozama kwenye madeni wanashindana kwa michezo ya kitoto, wakiwania won bilioni 45.6, fedha za Korea. Anayeshindwa anauawa. Hii ni ya watu wazima. Sehemu ya tatu na ya mwisho ilitoka Juni 2025.

La tatu ni shindano la watu halisi, Squid Game: The Challenge, lililoanza kuoneshwa Novemba 2023. Washiriki walikuwa 456 pia, na zawadi ilikuwa dola milioni 4.56. Hapa hakuna anayekufa. Ukishindwa, unarudi nyumbani.

La nne ni gemu ya simu, Squid Game: Unleashed, iliyotolewa na Netflix Desemba 2024. Ina sura ya katuni, lakini isikudanganye: humo nako kuna damu na mauaji.

La tano ni utapeli. Oktoba 2021, wakati tamthilia imepamba moto, watu wasiojulikana walianza kuuza sarafu ya mtandaoni iitwayo SQUID. Haikuwa na uhusiano wowote na Netflix. Kwa siku chache bei ilipanda kupita dola 2,800, lakini walionunua walijikuta hawawezi kuuza. Novemba 1 bei iliporomoka karibu na sifuri. Mwezi huohuo wa Oktoba, wataalamu wa usalama wa mtandao waligundua programu ya picha za Squid Game yenye kirusi kiitwacho Joker, kinachoweza kumuunga mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara 5,000 kabla ya Google kuiondoa.

Kwa hiyo, jina maarufu si dhamana. Kabla ya kupakua, soma jina la mtengenezaji lililoandikwa chini ya jina la programu. Gemu halisi ya Squid Game imeandikwa Netflix. Programu iliyotumwa kwa kiungo kwenye ujumbe, iache. Ikikuomba namba ya siri ya pesa za simu, ifute.

Na mtoto akisema anataka Squid Game, muulize kwanza: ipi? Kama ni ile ya kuchora chini, mpe kijiti akacheze.