Fahamu: Jinsi utando mwembamba unavyonasa gesi ya sumu

Monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye jiko la mkaa, haina rangi wala harufu. Pua haiiwezi; utando wa oksidi ya metali unaiweza.

Mwaka 1962, Tetsuro Seiyama na wenzake nchini Japani walionyesha kuwa utando wa oksidi ya zinki ukipashwa moto hubadili upitishaji wake wa umeme unapokutana na gesi. Mwaka huohuo Mjapani mwingine, Naoyoshi Taguchi, aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati, ambayo ingali maarufu.

Kazi yote hufanyika kwenye uso wa utando. Katika joto la nyuzi 200 hadi 400 hivi za Selsiasi, oksijeni ya hewani huung'ang'ania na kuunyang'anya elektroni, umeme ukapita kwa shida. Monoksidi ya kaboni ikifika huichukua oksijeni hiyo, elektroni zikarudi, umeme ukapita kwa wepesi na king'ora kikalia. Ndiyo maana wembamba ni faida: karibu utando wote unakuwa uso.

Tatizo ni kwamba kihisi hiki hakichagui gesi vizuri. Mvuke wa spiriti, hata unyevunyevu, hukichanganya. Kwa hiyo hata ukiwa nacho, jiko la mkaa litoe nje kabla hujalala.